Mafuta ya kapasita ya volti kubwa: chunga unyevu

Wenzangu mnaojiundia kapasita (vifaa vya kuhifadhi chaji ya umeme) za volti kubwa hapa Mombasa, adui wetu ni unyevu. Mafuta tunayojaza kati ya foili na plastiki zake yakiachwa wazi msimu wa masika hufyonza maji ya hewani, na uwezo wake wa kuhimili volti hushuka vibaya. Fungua chupa siku ya kujaza tu.

Mimi hutumia likwidi parafini ya duka la dawa (si mafuta ya taa, tafadhali!), ile angavu kama maji. Mafuta ya mbarika hubeba chaji takriban maradufu, ila ni mazito. Viputo hunasa kati ya foili na plastiki, na kiputo kimoja chatosha kuanzisha cheche. Mimina taratibu, foili zikiwa wima, kisha subiri. Siku ya pili bado utaona viputo vidogo vikipanda pembeni.

Mafuta ya transfoma kuukuu usiyaguse hata ukipewa bure: huenda yana PCB, sumu inayosababisha saratani.

Ukimaliza kazi, toa chaji kwa rezista (kipingamizi cha umeme), kisha unganisha ncha mbili za kapasita kwa waya na uuache hapo. Chaji hujirudia yenyewe, na inaua.