Kuchora sura kwa kipimo cha jicho

Kipimo cha jicho ni kuichora sura kwa ukubwa uleule unaoonekana kutoka pale unaposimama. Ndivyo mchoraji Richard Lack alivyowafundisha wanafunzi wa karakana aliyoifungua Minneapolis, Marekani, mwaka 1969. Simamisha turubai la kuchorea wima kabisa kando ya kichwa cha anayechorwa. Likilalia nyuma, sura hutoka ndefu kuliko ilivyo. Rudi nyuma hatua tatu au nne, ubandike utepe sakafuni penye nyayo zako. Hapo, timazi (uzi wenye kizito mwishoni) mkononi, ndipo pa kupimia. Ukisogea mbele ni kuweka alama tu, kisha urudi kuilinganisha.

Anza na utosi na kidevu, halafu mpaka wa mwanga na kivuli. Macho yangoje! Mwanafunzi anayeyawahi huyapachika juu mno, na paji la uso likapotea. Anayechorwa apumzike dakika 5 kila baada ya 20.