Kabla Hujakodi Ukumbi: Semina na Mikutano ya Kikazi Wakati wa Mlipuko wa Ugonjwa

Februari 26 na 27, 2020, viongozi wapatao 175 wa kampuni ya dawa ya Biogen walikutana katika hoteli moja mjini Boston, Marekani. Ulikuwa mkutano kama mikutano yetu. Watu walisalimiana, wakala pamoja, wakakaa ukumbini, kisha wakapanda ndege kurudi makwao. Baadaye watafiti waliofuatilia alama za kijenetiki za virusi vya korona, yaani vya UVIKO-19, vilivyosambaa pale walikadiria kwamba kufikia Novemba mwaka huo huenda vilikuwa vimewaambukiza hadi watu 300,000. Wenyeji wa mkutano ule hawakufanya jambo ambalo sisi tunaoandaa semina hatulifanyi kila mwezi, na ndiyo maana kisa chao hakinitoki kichwani.

Kitu cha kwanza kujiuliza ni ugonjwa wenyewe unapita njia gani. Tuna tabia ya kuweka ndoo ya maji yenye koki mlangoni kwa kila mlipuko, tukaona kazi imekwisha. Kwa kipindupindu ndoo ile ni mkombozi, mradi na mpishi wako awe anatumia maji salama jikoni. Homa ya Marburg iliyotokea Kagera mwaka 2023 na tena 2025, au Ebola ya Uganda mwaka 2022, hupita kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa. Huko wasiwasi wako ni salamu za mikono, vyoo, na namna mtu aliyeanza kutapika atakavyohudumiwa. UVIKO-19 husafiri hewani. Machi 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington, Marekani, ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Watu walitakasa mikono mlangoni na hawakukumbatiana. Kati ya waimbaji 61, waliougua walifika 53, na wawili wakafariki. Mikono ilikuwa safi, hewa ndiyo iliyowaponza. Maelezo yanayofuata yanahusu zaidi magonjwa ya namna hii.

Je, ni lazima watu wakutane? Kikao cha kusomeana taarifa kinaweza kufanyika mtandaoni, kila mtu na kompyuta yake. Mafunzo ya vitendo hayawezi. Basi walete wale tu wanaohitaji kushika vifaa, wengine wafuatilie wakiwa ofisini kwao.

Ukumbi usiukodi kwa simu. Nenda, tena saa ileile ambayo mkutano utafanyika, ushike madirisha kwa mkono wako mwenyewe. Nimekuta madirisha yaliyopigiliwa misumari nyuma ya mapazia mazuri sana. Meneja atakuambia usijali, ukumbi una viyoyozi sita. Hapo ndipo pa kuwa mkali, kwa sababu kiyoyozi cha ukutani tulichokizoea hakileti hewa mpya. Kinachukua ileile iliyomo, kinaipoza na kuirudisha kwa watu. Januari 2020, katika mgahawa mmoja wa Guangzhou, China, usio na madirisha, watu kumi kutoka familia tatu zilizokaa meza jirani, akiwemo aliyewaambukiza wenzake, waliugua UVIKO-19, na watafiti wakaona upepo wa kiyoyozi ulichangia.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza kila mtu aliyemo ndani apate lita 10 za hewa safi kwa sekunde. Hakuna mwandaaji anayeweza kupima lita hizo, lakini kuna kifaa kidogo cha kupimia kaboni dioksidi, ile hewa tunayoitoa tunapopumua, ambacho unaweza kukiweka mezani. Nje husoma kiasi cha 420 katika kila sehemu milioni. Ndani, ukiona kimevuka 800, jua kwamba watu wameanza kuvuta pumzi zilizotoka kwa wenzao, fungua milango na uwape mapumziko. Kama huna kifaa, tegemea madirisha ya pande mbili zinazotazamana, na feni moja iliyoelekezwa nje kusukuma hewa iliyochakaa. Angalia pia jenereta limewekwa wapi. Umeme ukikatika huku madirisha yako wazi, moshi utawafanya watu wayafunge wenyewe.

Mimi kama nina uwanja, sina haja ya ukumbi. Hema lililo wazi pande zote, au baraza pana, linashinda chumba cha hoteli kwa hewa na kwa bei. Utasumbuliwa na joto, hasa pwani mwezi wa pili, na mgeni rasmi aliyevaa suti hatafurahi. Anzeni saa mbili asubuhi, mmalize saa saba.

Sasa tuje kwenye posho, ambayo miongozo ya afya mara nyingi haiigusi. Kwenye kila barua ya mwaliko tunaandika kwamba anayejisikia vibaya abaki nyumbani, huku mhasibu anamlipa aliyesaini tu. Mtu mwenye homa, aliyekwisha kuipigia hesabu ile posho ya siku tatu, atameza dawa ya kutuliza maumivu na atakuja, na kipima joto cha mlangoni kitampitisha. Sitamlaumu. Kwa UVIKO-19 kuna hata anayeambukiza wenzake siku moja au mbili kabla hajasikia dalili yoyote, kwa hiyo kile kipima joto hutufariji zaidi ya kutulinda. Njia inayofanya kazi ni kuzungumza na mfadhili na mhasibu mapema, mkubaliane kwa maandishi kwamba anayetoa taarifa ya ugonjwa kabla ya siku ya kwanza atalipwa sehemu ya posho, atatumiwa mada zote na hatapoteza nafasi ya cheti. Liandikeni hilo kwenye mwaliko wenyewe. Fedha zikiruhusu, nunua vipimo vya haraka, mtu ajipime asubuhi kabla hajatoka alikofikia.

Chanjo ipewe heshima yake bila kuigeuza kufuli. Novemba 2021, kwenye sherehe ya kampuni moja mjini Oslo, Norway, wengi waliohudhuria walikuwa wamechanjwa, na bado Omikroni, aina mpya ya virusi vya UVIKO-19 wakati huo, iliwapitia karibu robo tatu ya wageni. Hata hivyo hakuna aliyelazwa hospitalini.

Saa nne kwenye chai ndipo mipango yote huanguka. Watu waliokaa kwa nafasi tangu asubuhi wanasongamana kwenye chupa moja ya chai, barakoa zimeshuka kidevuni, wanacheka. Weka meza tatu za chai badala ya moja, tena nje. Chakula kipakuliwe na wahudumu. Na MC wako umkanye mapema asiseme "mgeukie jirani yako, mpe mkono". Hawa watu huwa hawawezi kujizuia. Mpe kipaza sauti kizuri asipige kelele, maana anayepaza sauti hutoa matone mengi kuliko anayeongea taratibu.

Orodha ya mahudhurio iwe na namba ya simu inayopatikana na meza aliyokaa mtu. Itunze siku 21, ambazo zinatosha hata kwa Ebola na Marburg, na usiirushe kwenye kundi la WhatsApp. Tenga chumba kimoja chenye dirisha na choo chake kwa atakayeugua ghafla, na uwe na namba ya mganga mkuu wa wilaya mfukoni. Kwa Tanzania ipo pia 199 ya Wizara ya Afya, isiyolipiwa.

Kabla hujalipa malipo ya awali, soma mkataba. Machi 13, 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wake wa kwanza, serikali ilisimamisha mikusanyiko ya watu. Kama mkataba hautaji kuahirisha bila faini, fedha ile imekwenda. Kubalianeni pia, wakati akili bado zimetulia, ni jambo gani likitokea mtaahirisha, na nani atatoa uamuzi. Asiwe yule aliyesaini hundi, maana atavuta siku hadi wageni wawe kwenye basi.

Mtu mmoja ndani ya timu apewe kazi ya kuwapigia simu washiriki siku ya tatu na siku ya saba baada ya mkutano, na kazi hiyo ilipiwe vocha kwenye bajeti tangu mwanzo. Nimeona mara nyingi kwamba kazi isiyo na fungu lake huishia kwenye ahadi ya "tutawasiliana," na mshiriki aliyeugua Mbeya hajui kwamba aliyekaa meza moja naye amelazwa Tanga.