Namna ya kuonja uraka
Uraka, pombe ya mabibo (matunda ya mkorosho), nauonja asubuhi, kabla pilipili na tumbaku hazijaharibu ulimi. Huku Newala tunaupata msimu wa korosho tu.

Mimina kwenye glasi ya kioo. Kikombe cha plastiki hubaki na harufu ya chai ya jana. Usisubiri utulie. Ule ukungu unaoonekana ndani ya glasi ndio wenyewe: una hamira iliyokuja na ganda la bibo, hakuna aliyeitia, ndiyo maana uraka wa shamba moja haufanani na wa jirani. (Gongo ni habari nyingine. Ile imekenekwa, ukungu wote umebaki kwenye pipa.)

Nusa kwanza. Ukisikia siki, umechelewa. Kisha piga funda dogo, lizungushe mpaka kwenye fizi. Utamu hutangulia, uchachu hufuata, halafu unakuja ukakasi unaokausha mdomo mzima. Wengi huuchukia ukakasi huo. Mimi ndio ninaoutafuta, na usipokuwepo kabisa namuuliza mama muuzaji kama ametia maji.

Wa siku ya kwanza ni juisi tu. Ngoja wa pili, wenye vipovu vinavyochoma ncha ya ulimi. Kati ya funda na funda, tafuna muhogo wa kuchoma, usio na chumvi.