Namna ya Kuandaa Mapitio ya Urubani Yanayolingana na Mahitaji ya Rubani Binafsi

Nchini Marekani, kanuni ya 61.56 ya mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, inamtaka rubani afanyiwe mapitio na mkufunzi kila baada ya miezi 24 ili aendelee kuwa nahodha wa ndege. Kanuni hiyo inataja machache: angalau saa moja ya mafunzo ya ardhini, angalau saa moja ya angani, sheria za urukaji za Sehemu ya 91 ya kanuni za FAA, na mazoezi ambayo mkufunzi ataona yanafaa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa kuwa linampa mkufunzi uhuru ambao wengi huuacha bure na kurudia mazoezi yale yale kwa kila mtu.

Anza siku kadhaa kabla. Soma pamoja na rubani daftari lake la safari, mkiangalia amerusha ndege saa ngapi mwaka huu, katika viwanja gani, na upepo ukiwaje. Muulize pia anakotaka kwenda na jambo linalomtia hofu, kwani swali hili la pili hujibiwa kwa kusita, na mara nyingi jibu lake ndilo linalostahili kuongoza saa ya angani.

Tuchukue rubani aliyezoea Florida, karibu na usawa wa bahari, ambaye anapanga kuipeleka familia yake Leadville, Colorado, kwenye uwanja ulio zaidi ya futi 9,900. Mpe kazi ya kukokotoa: joto likifika nyuzi 25 za Selsiasi, hewa ya pale huwa nyepesi kama ya futi 13,500 hivi, yaani karibu na kikomo cha kimo ambacho ndege ndogo nyingi za aina ya Cessna 172 zinaweza kufikia. Mwache atafute mwenyewe kwenye kitabu cha ndege urefu wa njia ya kurukia atakaouhitaji, na aeleze kwa nini mshale wa mwendo utasoma kama kawaida ilhali ndege inakimbia kwa kasi zaidi juu ya ardhi. Kisha, kwenye njia ndefu ya kurukia, apae bila kutumia nguvu zote za injini ili auhisi mwili wa ndege unavyochelewa kuinuka. Hata hivyo, saa moja haimtayarishi mtu kwa milima. Mwelekeze kwa mkufunzi wa huko.

Anayetegemea mtambo wa kujiendesha, uzime njiani. Aliyerusha ndege mara chache, rudieni mwendo wa polepole, upepo wa ubavuni, kuahirisha kutua, na kona ya mwisho kuelekea njia ya kutua, ambako kukaza kona kwa mwendo mdogo kumeua marubani wengi.

Mapitio haya si mtihani. Rubani asiporidhisha, mkufunzi hasaini uthibitisho, bali huandika daftarini mafunzo aliyotoa, kisha hupanga naye siku ya kuendelea na zoezi lililobaki.