Kabla hujanunua nyumba ya kale kwenye kitongoji cha Alpi

Picha zitakuvuta: mbao zilizogeuka nyeusi kwa jua, jiko la mawe, madirisha mapya, na chini yake maneno "imekarabatiwa yote". Naandikia Waswahili wenzangu mnaoishi Uswisi, hasa mnaotazama nyumba za jimbo la Valais. Kabla hujampigia dalali, pitia haya.

Anza na kibali chako cha kuishi. Sheria ya mwaka 1983 inayobana wageni kununua ardhi, wenyewe huiita Lex Koller, haiulizi una pesa kiasi gani. Mtanzania au Mkenya mwenye kibali C, yaani cha ukaazi wa kudumu, hununua kama mwenyeji. Mwenye B, kibali cha muda kinachohuishwa, anaruhusiwa nyumba ya kuishi mwenyewe, basi. Si ya likizo wala ya kupangisha. Ndugu aliyeko Dar es Salaam au Mombasa anahitaji ruhusa ya jimbo, kwa hiyo usimwahidi kwamba mtanunua kwa kuchangiana.

Fedha: asilimia 20 ya bei iwe yako, na walau nusu ya hiyo isitoke kwenye mfuko wa pensheni. Benki ikiithamini nyumba chini ya bei ya muuzaji, pengo utaliziba wewe.

Uliza kama nyumba imefungiwa masharti ya makazi ya kudumu. Tangu kura ya Machi 11, 2012, manispaa ambazo nyumba za pili, zile za likizo, zimepita asilimia 20 haziruhusu kujenga nyingine. Nyumba iliyokuwa makazi kabla ya siku hiyo kwa kawaida iko huru. Ghala la nafaka lililogeuzwa nyumba juzijuzi ni habari nyingine.

Omba ramani ya hatari za maporomoko na mafuriko kwenye ofisi ya manispaa. Eneo jekundu hairuhusiwi kujenga, la buluu lina masharti. Usikubali kuambiwa nyumba imesimama karne tatu bila kuguswa. Evolène, hukuhuku Valais, Februari 1999, maporomoko ya theluji yaliua watu 12. Blatten nako kulikuwa na nyumba za kale, hadi Mei 28, 2025 barafu na mawe ya mlima vilipokifunika karibu kijiji kizima.

Pima radoni, gesi yenye mionzi, wakati wa baridi. Ukarabati huziba nyufa na kuleta madirisha yasiyopitisha hewa, na gesi inayopanda kutoka ardhini hubaki ndani mnapolala. Kiwango cha kurejelea ni bekereli 300 kwa mita ya ujazo. Na kama kuna ukarabati uliofanywa kabla ya 1990, dai kipimo cha asbestosi, nyuzi za ujenzi zinazodhuru mapafu.

Sasa stoo ya chini. Hapa nitakaa.

Katika bonde la Hérens nyumba za zamani ni ndefu kwenda juu, chini mawe na juu mbao, na ziligawanywa kwa mirathi: huyu jiko na chumba, yule ghorofa ya juu, wa tatu stoo ya jibini. Vizazi vikipita, kijistoo cha mita chache huwa na majina chungu nzima kwenye daftari la ardhi, wengine wako Geneva, wengine ni vitukuu vya waliohamia Argentina karne ya 19. Dada mmoja wa Tanga ninayemfahamu alinunua na mumewe nyumba ya namna hiyo, imekarabatiwa vizuri mno. Aliyekarabati alikuwa amefunga boila ya kupasha nyumba joto kwenye stoo ya chini, na stoo haikuwa yake. Mzee jirani alimruhusu kwa mdomo. Mzee akafariki, warithi wakaanza kugombana, na mmoja wao akabadilisha kitasa katikati ya Januari. Boila ikazimika na hakuna wa kuingia kuiwasha. Mabomba yakaganda, yakapasuka, sakafu mpya ikavimba. Dada yule alilala na watoto wake kwenye chumba kimoja chenye jiko la mawe. Walipofungua mkataba, kila kitu kilikuwa sahihi: ziliandikwa ghorofa walizonunua, stoo haikutajwa popote. Na kifungu cha "inauzwa kama ilivyo" kikamkinga muuzaji. Boila nyingine walifunga kwa akiba ya masomo ya watoto.

Kwa hiyo chukua nakala ya daftari la ardhi iliyotolewa wiki hiyohiyo, shika na ramani ya kiwanja, uzunguke nyumba ukiuliza: bomba hili linapita kwa nani? Ngazi hii ya nani? Chemchemi? Njia ya kufikia mlango? Tangi la maji machafu? Ruhusa ya mdomo aliyopewa muuzaji haikuhusu wewe. Haki ya kupita au ya kupitisha bomba iandikishwe kwenye daftari kabla hujalipa, si baadaye. Notari, mwanasheria anayethibitisha mkataba, hatakutetea, yeye ni wa pande zote mbili. Tafuta wakili wako.

Yaliyobaki ni ya kwenda kuona kwa macho, na nenda Januari, si Julai. Jua linafika saa ngapi, na linafika kweli? Viganella, upande wa Italia, hawalioni kuanzia Novemba hadi mwanzo wa Februari, hata mwaka 2006 wakasimamisha kioo mlimani kuangaza uwanja wa kijiji. Theluji ya njia anaondoa nani, na anaishia wapi? Basi la mwisho ni saa ngapi? Nyumba ngapi zinawaka taa usiku? Utulivu wa kitongoji mara nyingi maana yake hakuna wa kukusukumia gari. Bima ya jengo Valais si lazima kisheria, kata hivyohivyo, na uulize habari ya tetemeko, maana bima ya kawaida hailipi na jimbo hili ndilo lenye hatari kubwa zaidi nchini. Usitie sahihi karatasi ya kushikilia nafasi yenye malipo ya awali kabla ya hayo yote. Muuzaji akisema kuna mnunuzi mwingine anakuja Jumatatu, mwache amuuzie.