Somo: Kuvuka Sierra Maestra kwa miguu, Santo Domingo hadi Las Cuevas

Njia hii ya mashariki mwa Kuba inapita milima walikojichimbia wapiganaji wa Fidel Castro baada ya boti ya Granma kufika tarehe 2 Desemba 1956. Inavuka Pico Turquino, mita 1,974, mlima mrefu kuliko yote nchini humo. Wengi hujiandaa kupanda. Kinachowavunja ni kushuka.

1. Kiongozi ni lazima, huingii hifadhini peke yako. Mpange Santo Domingo mapema, umuulize kama njia iko wazi mpaka baharini. Nenda kati ya Novemba na Aprili, maana mvua zikianza Mei udongo unateleza vibaya.

2. Santo Domingo hadi Alto del Naranjo ni kilomita 5 za mwinuko mkali, zaidi ya mita 700. Panda gari. Tunza miguu.

3. Siku ya kwanza nenda Comandancia de La Plata, yaliyokuwa makao makuu ya Castro, kilomita 3 kutoka Alto del Naranjo, kisha urudi ulale Santo Domingo. Ukifika inua macho: matawi yamefunika mapaa ya vibanda, ndiyo maana ndege za Batista, mtawala wa Kuba wakati ule, hazikuyaona. Redio Rebelde, redio ya wapiganaji hao, nayo ilirusha matangazo kutoka hapa mwaka 1958. Usiichanganye na La Plata ya pwani, penye kambi ya jeshi iliyotekwa Januari 1957.

4. Siku ya pili, kutoka Alto del Naranjo ni kilomita 8 hadi kambi ya Aguada de Joaquín. Beba maji lita 3, sweta na koti la mvua. Usiku kuna baridi kweli. Maji ya kambini yachemshe.

5. Siku ya tatu, kilomita 5 hadi kileleni, kwenye sanamu ya José Martí, shujaa wa uhuru wa Kuba, iliyowekwa 1953. Halafu unateremka karibu mita 2,000 kwa takriban kilomita 10 hadi Las Cuevas, pwani. Kucha za miguu zikate siku chache kabla, la sivyo zitagonga ncha ya kiatu na kuwa nyeusi. Kaza kamba kwenye kifundo ili mguu usisogee mbele. Refusha fimbo ya kutembelea, piga hatua fupi, goti likunjike kidogo.

MASWALI

Mkuu, naweza kuanzia Las Cuevas?
Unaweza, kwenda na kurudi siku moja, ila uondoke kabla ya alfajiri. Unaanzia usawa wa bahari na jua la upande ule ni kali. Comandancia utaikosa.

Misuli ya vigimbi hunikaza nikitoka jasho sana. Nifanyeje?
Simama, nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako. Kisha kunywa kidogokidogo: maji safi lita 1, sukari vijiko 6 vya chai, chumvi nusu kijiko, vijiko vyote viwe vya kusawazishwa juu, si vya kurundika. Usizidishe chumvi.

Nikishuka Las Cuevas napata basi?
Usilitegemee. Santiago iko zaidi ya kilomita 100, na barabara ya pwani huharibiwa na mawimbi. Kodi gari kabla hujaanza kupanda, mkubaliane saa na mahali pa kukusubiri.