Kukagua hati za nyumba za Marekani ukiwa Unguja

Wengi mnaniuliza mie nakaa Fuoni vipi nafanya kazi ya bima ya hati ya Marekani, bas leo nawaeleza. Bima hii siyo kama ya gari, inalipwa mara moja tu siku ya kukamilisha mauzo, na inamkinga mnunuzi na mambo ya nyuma, mfano rehani ya zamani haijafutwa, deni la kodi, mrithi kasahauliwa. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuchimba ya nyuma.

Anza na majina. Chukua karatasi uandike nani kauza nani kanunua, toka leo unarudi nyuma, kila aliyeuza lazima umkute kanunua kwenye hati iliyotangulia. Juzi nimekuta nyumba wamenunua mume na mke, miaka kumi na moja baadae kauza mume peke yake. Mke yuko wapi? Kafa, kaachwa, au hata habari hana? Usijijazie jibu jamani, hapo ndo watu wanapokosea, andika kwenye masharti ya kutoa bima kwamba cheti cha kifo kiletwe, au hukumu ya talaka inayosema nyumba kapewa nani, au mke mwenyewe atie saini, ndo bima itoke. Mie faili lile nimekaa nalo mpaka usiku na sijutii, nyumba ya mtu ile.

Na mazoea ya huku yaache. Kwetu ardhi ni ya umma, sheria ya mwaka 1992 inakupa haki ya matumizi, kule mtu anamiliki ardhi yenyewe na kila jimbo lina sheria zake. Kama huna leseni ya uwakili ya jimbo lile wewe kagua na uandae, maoni ya sheria atasaini wakili wa kule.

Saa nazo: saa tatu asubuhi New York kwetu saa kumi jioni, wakirudisha saa zao Novemba inakuwa saa kumi na moja, kwa hiyo mapema tu waambie magharibi unaondoka kidogo kuswali. Inveta na betri nunua kabla ya kiti kizuri, umeme ukizimika na bando la simu lipo unaendelea.

La mwisho ndo linalonitisha zaidi. Ikija imeili inasema akaunti ya kupokea pesa za mauzo imebadilika, huenda ni tapeli, usijibu wala usipige namba iliyomo humo, piga ile uliyokuwa nayo toka mwanzo, hata kama aliyeandika ni bosi wako.